Mazoezi ya Saikolojia kwa Shule za Sekondari: Tatizo la Lugha

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo moja tu, nalo ni hili: hutokea nini pale mazoezi ya kufundishia saikolojia katika shule za sekondari, yaliyotungwa kwa Kiingereza, yanapotiwa katika Kiswahili? Chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, saikolojia haikuwa somo la kujitegemea katika shule zetu za sekondari. Aliyeisoma ni mwalimu mwenyewe chuoni. Hata hivyo mwalimu huyo ndiye awezaye kuyatumia mazoezi haya, na idara za lugha ndizo zitakazoombwa tafsiri.

Huko Marekani somo hili limekwisha kuota mizizi. Mwaka 1992 ulifanywa mtihani wa kwanza wa saikolojia wa kiwango cha chuo kikuu kwa wanafunzi wa sekondari, na mwaka huo huo Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kikaunda kamati ya walimu wa somo hilo. Walimu wamezoea kupeana mipango ya masomo, maswali, na majaribio madogo yanayohitaji karatasi na saa tu. Urahisi huo ndio unaotushawishi kuyachukua. Lakini mwanaisimu akiyatazama ataona kwamba mengi kati yake yamejengwa kwa lugha.

Tuanze na zoezi la kukumbuka tarakimu. Mwalimu husoma mfululizo wa tarakimu, mwanafunzi huurudia, na mfululizo hurefushwa mpaka ashindwe. Tangu George Miller alipochapisha makala yake mashuhuri mwaka 1956, namba saba, ikizidi au kupungua kwa mbili, imekuwa ikinukuliwa kama kipimo cha kila binadamu. Mwaka 1975 Alan Baddeley na wenzake walionyesha kwamba urefu wa maneno nao una nguvu: mtu hukumbuka takriban maneno awezayo kuyatamka kwa sekunde mbili hivi. Sasa tuzitazame tarakimu zetu. Kuanzia moja hadi tisa, kila jina lina silabi mbili, hata nne, ambayo n yake ya kwanza ni silabi kamili. Kwa Kiingereza, majina hayo yote isipokuwa la saba yana silabi moja moja. Silabi zetu ni nyepesi, basi hatuwezi kudai kwamba muda wa kuzitamka ni maradufu. Lakini ni vigumu kuamini kwamba ni sawa.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1980 Ellis na Hennelly walichapisha uchunguzi wao kuhusu Kiwelisi, wakaonyesha kuwa majina ya tarakimu katika lugha hiyo huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa kuliko ya Kiingereza, na kwamba hilo lilieleza kwa nini watoto waliopimwa kwa Kiwelisi walipata alama za chini. Na zoezi hilo ni sehemu ya vipimo vya akili! Mwanafunzi wa Kitui au Lamu akipimwa kwa Kiswahili, kisha alama zake zikasomwa katika jedwali la Kiingereza, huenda akaambiwa ana upungufu ambao kwa kweli umo katika jedwali. Ni afadhali mwalimu aifanye tofauti hiyo yenyewe kuwa somo: darasa lipimwe kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa lugha ya nyumbani, na muda wa kutamka upimwe pia.

Zoezi la pili latokana na Hermann Ebbinghaus, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1885 alitumia silabi zisizo na maana ili achunguze usahaulifu. Silabi zake zilifungwa kwa konsonanti. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na ukichukua silabi moja iliyo wazi utaikuta tayari ina kazi katika sarufi: wa, ki, li, ka, ha, ta. Hapana budi kutunga maneno ya silabi mbili, na hapo pana mtego. Neno vugo laweza kuonekana tupu kwa mwanafunzi wa bara; mtu wa pwani anajua kwamba ni pembe inayogongwa katika sherehe za arusi. Kwa hiyo orodha yoyote ipitiwe na wasemaji wa lahaja mbalimbali, na wa lugha nyingine za wanafunzi, kabla ya kugawiwa.

Zoezi la Stroop la mwaka 1935, la kutaja rangi ya wino badala ya kusoma neno lililoandikwa, linatupendelea. Nyekundu, nyeusi, kijani, buluu na manjano yote yana silabi tatu, usawa ambao Kiingereza hakina. Kinachotakiwa ni vivumishi vyote viambatane na rangi, wala pasiwe na kekundu au cheusi, na mwalimu aamue mapema kama atakubali samawati.

Limebaki zoezi la Frederic Bartlett, la mwaka 1932, la kupokezana kisa kutoka kwa mtu hadi mtu. Bartlett aliwapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini kwa sababu ilikuwa ngeni kwao. Anayeitafsiri hadithi hiyo hiyo anaweza kufaulu. Anayeweka mahali pake kisa cha sungura na fisi ataharibu jaribio, kwani wanafunzi watakijaza kwa yale waliyoyajua tangu utotoni, na mwalimu hatajua lipi limekumbukwa na lipi lilikuwapo kabla.