Ukienda Ireland, pita baa yenye kofia za kijani mlangoni

Umefika Dublin. Ni Novemba, saa kumi na moja jioni, na giza limeshaingia kana kwamba ni saa mbili usiku Nairobi. Mvua yao si ile ya kunyesha ikaisha. Ni manyunyu yanayokufuata kila kona. Tumbo linanguruma, chaji ya simu inakaribia kuisha, na mfukoni una bajeti ambayo mzazi wako aliipigia hesabu mara tatu kabla ya kukuaga pale JKIA. Mbele yako kuna barabara nzima ya baa zenye taa, maua na muziki. Utaingia ipi?

Ukiingia ile yenye kelele zaidi, huenda ukaacha humo pesa za chakula cha siku mbili. Mtaa wa Temple Bar ndio kila mgeni huupiga picha, na bei zake zinajua hivyo. Pinti moja ya bia huko inaweza kufika yuro 10, karibu Sh1,500, ilhali ukitembea dakika kumi na tano tu unaipata kwa yuro 6 hivi. Chakula nacho hufuata mkondo uo huo.

Lakini pesa ni nusu tu ya habari. Wengi wetu tumelelewa tukijua baa ni mahali pa ulevi, na mtu wa heshima akiiona huvuka barabara. Ireland mambo ni tofauti. Baa ya mtaa ni kama sebule ya kila mtu. Mchana utakuta nyanya anakunywa supu, baba anamlisha mtoto, na familia iliyotoka mazishini imekaa pamoja ikila. Sheria inawaruhusu hata watoto walio chini ya miaka 15 kuwa ndani hadi saa tatu usiku, mradi wawe na mzazi au mlezi. Kwa hivyo wenzako wa darasani au kazini wakikwambia "twende pub", wanakualika mezani, si lazima kwenye chupa. Ukikataa kila mara kwa sababu hunywi, utajikuta chumbani peke yako majira yote ya baridi. Wanaoishi majuu watakwambia upweke ndio huumiza kuliko baridi.

Basi jifunze kuchagua.

Anza mlangoni

Usione haya kusimama nje na kusoma. Sheria ya Ireland inazitaka baa na mikahawa kuonyesha bei karibu na mlango. Usipoziona, endelea na safari.

Kisha tazama mapambo. Kofia za kijani, vibwengo vya plastiki na bendera kila dirisha ni ishara kwamba mwenye mahali anamngoja mtalii. Menyu yenye picha za vyakula 60, kuanzia pizza hadi kari, inakwambia kwamba jokofu ndilo linalofanya kazi kubwa jikoni. Unachotafuta ni ubao mdogo ulioandikwa kwa chaki: supu ya leo, samaki wa leo, nyama ya leo. Vitu vitano au sita hivi.

Baada ya hapo, chungulia walioketi. Je, kuna mafundi wa mjengo wakiwa na makoti yao ya kung'aa? Kuna wazee wanaosoma gazeti? Wafanyakazi wa ofisi? Ni hesabu ile ile unayoipiga ukitafuta kibanda cha maana huku kwetu: mahali makondakta na mafundi wanapopanga foleni saa saba mchana, hapo chakula kimeiva na bei haijakosea.

Saa ni pesa

Neno moja litakuokoa: 'carvery'. Ukiliona ubaoni, fahamu kwamba mchana, kuanzia kama saa sita hadi saa nane na nusu, kuna mpishi nyuma ya kaunta anayekata nyama ya kuchoma mbele yako, kisha anajaza sahani kwa mboga, mchuzi na viazi vya aina mbili au tatu. Ndiyo, viazi juu ya viazi. Mara nyingi utalipa yuro 15 hadi 20, na hutahitaji chakula kingine hadi kesho asubuhi.

Neno la pili ni 'early bird'. Mikahawa mingi hupunguza bei kwa wanaokula mapema, kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni. Chakula ni kile kile cha saa mbili usiku, ila bili ndiyo inapungua.

Na usichelewe. Baa inaweza kufungwa karibu usiku wa manane, lakini jikoni pengi hufungwa saa tatu usiku. Ukifika saa tatu na nusu utapewa pakiti ya krisps na pole.

Kula nini?

Habari njema ni kwamba hutajihisi ugenini sana. Colcannon ni viazi vilivyopondwa pamoja na kabeji au sukuma yao. Mtu wa Nyeri akionjeshwa atauliza mahindi ya mukimo yamekwenda wapi. 'Black pudding' inayoletwa na kiamshakinywa ni binamu ya mutura, ila ni ya damu ya nguruwe na nafaka. Mkate wa kahawia unaoandamana na supu huumuliwa kwa magadi na maziwa mala, bila hamira. Supu na mkate huo ndio mlo wa bei nafuu zaidi katika baa nyingi, na siku ya mvua hakuna kinachoushinda.

Ukiwa Dublin, tafuta coddle, mchemsho wa soseji, bekoni, viazi na vitunguu. Sura yake haivutii, lakini ndicho chakula cha watu wa mji wenyewe. Baa ya John Kavanagh, iliyoko Glasnevin kando ya makaburi na iliyofunguliwa mwaka wa 1833, inajulikana kwa chakula hicho. Wenyeji huiita Gravediggers, yaani wachimba kaburi. Humo hamna televisheni wala muziki. Watu wanaongea tu.

Ukifika Galway, geukia bahari: chaza, kome, na chowder, ile supu nzito ya samaki na maziwa. Cork nako kuna English Market, soko la chakula lililoanza mwaka wa 1788. Kuna mkahawa ghorofani unaopika bidhaa za soko lenyewe, hivyo unaweza kula huku ukiwatazama wauza samaki chini yako.

Kama wewe ni Mwislamu au huli nguruwe, uliza kabla ya kuagiza, hata kwa supu. Chowder mara nyingi hutiwa vipande vya bekoni. Usiogope kuonekana msumbufu. Mikahawa inatakiwa kisheria kuandika vizio 14 vinavyoweza kumdhuru mtu, kama vile karanga, maziwa na samaki, kwa hivyo wahudumu wamezoea maswali. Nguruwe hayumo katika orodha hiyo, ndiyo maana lazima mdomo wako ufanye kazi.

Jambo jingine: baa inayojigamba kwamba nyama ya ng'ombe ya chumvi na kabeji ndicho chakula cha taifa mara nyingi inawapikia Wamarekani. Mwenyeji angekwambia ni bekoni na kabeji.

Adabu za kaunta

Katika baa nyingi ukikaa ukingoja mhudumu utakaa mpaka uzeeke. Nenda kaunta, agiza, lipa, kisha rudi mezani. Kwa kinywaji cha kaunta hakuna anayetarajia bakshishi. Ukihudumiwa mezani, asilimia 10 hivi inatosha, lakini soma risiti kwanza kwa sababu pengine ada ya huduma imeshaongezwa. Tangu Desemba 2022 sheria inamtaka mwajiri kubandika maelezo ya jinsi bakshishi zinavyogawanywa. Soma hilo pia, hasa kama wewe ni mwanafunzi unayewazia kibarua cha kuosha vyombo.

Halafu kuna mtego wa raundi. Watu wanne wakikaa pamoja, mmoja hununulia wote, kisha mwingine, hadi zamu iishe. Ukikubali kinywaji cha kwanza umeingia mkataba, na kutoroka kabla ya zamu yako ni aibu isiyosahaulika. Kama bajeti haikubali, sema mapema na kwa tabasamu: "Mimi najinunulia." Hakuna atakayenuna.

Na kama hunywi, agiza chai. Waayalandi ni miongoni mwa watu wanaokunywa chai nyingi zaidi duniani, tena wanaitia maziwa kama sisi. Na kama unakunywa, usidhani Guinness ya huko ni ile uliyoizoea. Ya chupa tunayouziwa Kenya ni kali zaidi. Ya kwao ya bomba ni nyepesi, na humiminwa mara mbili ikipumzishwa katikati. Usimharakishe anayemimina.

Si kila baa nzuri ina chakula

Wakati mwingine utakula kwingine kisha uende baa kwa muziki tu. The Cobblestone, pale Smithfield jijini Dublin, ni mfano mzuri. Wanamuziki huketi pembeni, bila jukwaa, wakipiga fidla na filimbi. Usikae viti vyao, na usiongee kwa sauti wakati mmoja anaimba peke yake.

Mwaka wa 2021 mwekezaji aliomba kibali cha kujenga hoteli mahali hapo. Mamia ya watu, wengi wakiwa vijana, waliandamana barabarani wakiwa na ala zao, na baraza la jiji likakataa ombi hilo. Jiulize kwa nini vijana wapiganie baa. Jibu ni lile la sebule.

Ndiyo maana uwe mwangalifu na baa za Kiayalandi utakazozikuta nchi nyingine. Tangu mapema miaka ya 1990 kuna kampuni ya Dublin inayobuni baa hizo na kusafirisha kaunta, vioo na rafu hadi nje ya nchi. Si vibaya, chakula kinaweza kuwa kitamu. Lakini mbao husafirishwa, majirani hawasafirishwi. Huko pia, tumia kanuni ile ile: tazama bei, ubao na walioketi.

Sasa rudi kwenye ile barabara yenye manyunyu. Pita muziki wa spika. Pita kofia za kijani. Kata kona mbili, tafuta dirisha lenye ukungu na ubao wa chaki, ingia, futa viatu. Agiza supu na mkate, kisha keti kwenye kaunta badala ya kujificha pembeni na simu. Usishangae jirani akikuuliza umetoka wapi kabla hujashika kijiko. Ukimjibu Kenya, jiandae kuongea kuhusu mbio hadi supu ipoe.