Ngozi Ikiugua, Moyo Nao Uulizwe

Huko Siongiroi, eneo la Chepalungu katika Kaunti ya Bomet, salamu haiishii mdomoni. "Chamgei," asema mmoja. "Chamgei mising," aitikia mwenzake, na viganja vinakutana. Mwenye soriasisi, ugonjwa unaofunika sehemu za ngozi kwa mabaka mazito yenye magamba, huipigia salamu hiyo hesabu kabla haijamfikia. Atoe mkono, au ajifanye amebeba mzigo? Maziwa aliyoyakamua yatapata mnunuzi? Harusi ya jirani ikiwadia, avae mikono mirefu juani, au abaki nyumbani?

Wengi hubaki nyumbani. Kisha wanakosa kikao cha chama, kisha ibada, kisha kazi.

Soriasisi haiambukizi. Mbalanga, inayoifuta rangi ya ngozi madoa kwa madoa, nayo haiambukizi, wala ukurutu unaowasha kwa miaka kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Katika yote matatu kinga ya mwili inahusika. Hata hivyo watu huyadhania kuwa ukoma, Ukimwi au laana. Utambuzi nao huchelewa, kwa kuwa kwenye ngozi nyeusi soriasisi huonekana ya zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea, ilhali picha nyingi za vitabu vya udaktari zimezoea kuionyesha ikiwa nyekundu kwenye ngozi nyeupe.

Madhara ya magonjwa ya ngozi kwa nafsi yamepimwa. Mwaka 2015, mtafiti Florence Dalgard na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 13 za Ulaya, wakilinganisha wagonjwa 3,635 wa kliniki za ngozi na watu 1,359 wasio na maradhi hayo. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka inayomnyima mtu hamu ya mambo aliyoyapenda, ilikutwa kwa asilimia 10.1 ya wagonjwa. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 4.3. Wasiwasi uliopita kiasi ulikuwa asilimia 17.2 dhidi ya 11.1. Mawazo ya kujiua yaliripotiwa na asilimia 12.7 ya wagonjwa, na asilimia 8.3 ya wengine.

Aibu peke yake haielezi tofauti hiyo. Uwasho humkatia mtu usingizi usiku baada ya usiku, na anayekosa usingizi hulemewa upesi na huzuni. Katika soriasisi, kemikali za uvimbe zinazochochea ngozi huzunguka pia katika damu, na watafiti wanazihusisha na mabadiliko ya hisia katika ubongo. Msongo wa mawazo nao hurudi kuichochea ngozi, mabaka yakaongezeka. Anayetibu ngozi bila kuuliza habari za usingizi na moyo huuacha mzunguko huo ukiendelea.

Kuuliza ni lazima kwa sababu macho hudanganya. Baka dogo usoni au sehemu za siri huweza kumwelemea mtu kuliko mabaka makubwa mgongoni. Ndiyo maana mwaka 1994 Andrew Finlay na Gul Karim Khan, wa Cardiff nchini Wales, walitunga maswali 10 kuhusu maisha ya mgonjwa wa ngozi katika wiki iliyopita: uwasho, haya, mavazi, kazi, hata mapenzi. Alama huanzia 0 hadi 30. Zikizidi 10, ugonjwa unayatesa maisha sana. Yapo pia maswali 9 ya kupima sonona. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuyauliza yote kwa muda mfupi.

Afrika Mashariki haianzi kutoka sifuri. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha Moshi, Tanzania, kilichofunguliwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, kimewafunza maafisa tabibu wa nchi nyingi za Afrika. Kenya nayo ilizindua mwaka 2023 mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaozuru nyumba kwa nyumba. Hao ndio wanaoweza kumwona aliyeacha kutoka nje na kumwelekeza kituoni, kisha ikihitajika Longisa, hospitali ya rufaa ya kaunti.

Mgonjwa naye ajihadhari na krimu kali za steroidi zinazouzwa bila cheti cha daktari. Hutuliza haraka, lakini zikitumiwa ovyo huikondesha ngozi, na zikiachwa ghafla soriasisi huweza kulipuka upya.

Na jamaa akisikia maneno kama "heri nisingekuwepo", amuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo hilo. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba, kwa hiyo hofu ya polisi isimzuie mtu kusema. Asiachwe peke yake. Asindikizwe hospitalini siku hiyo hiyo, na huko wahudumu waelezwe habari za ngozi na za moyo pamoja.