Mtumbwi wa Buluu: Mantiki na Uwezekano Katika Hadithi za Upelelezi

Hadithi ya upelelezi ni zoezi la mantiki na uwezekano lenye watu ndani yake. Msomaji hupewa watuhumiwa, kisha dalili moja baada ya nyingine, na kila dalili humlazimu kumpunguzia shaka huyu na kumwongezea yule. Kwa Kiswahili, pa kuanzia ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichochapishwa mwaka 1960. Bwana Ali anakutwa amekufa mzimuni, na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, anatafuta mkono wa binadamu, si wa mzimu. Kihesabu ana haki: mzimu unaweza kutajwa kuwa chanzo cha jambo lolote, kwa hiyo hakuna dalili inayoweza kuupa nguvu wala kuupinga.

Darasani, hadithi inaweza kusomwa kwa vituo. Kabla ya sura ya mwisho wanafunzi huwagawia watuhumiwa sehemu za shaka zinazojumlika kuwa 1, na kila dalili mpya ikitokea hugawa upya.

Mfano wa kubuni unaweza kuwekwa Rukuba, kisiwa cha wavuvi katika Ziwa Victoria, mkoani Mara. Nyavu zimeibwa usiku mwaloni, mahali mitumbwi inapoegeshwa. Mtuhumiwa anadai alikuwa ziwani akivua dagaa. Wavuvi wa dagaa hufuata giza, kwa kuwa taa zao huvuta samaki vizuri mwezi usipokuwepo. Ikiwa usiku wa mbalamwezi hawatoki, na usiku ule ulikuwa wa mbalamwezi, basi mtu huyo hakutoka. Hoja hiyo ni halali. Lakini ungekuwa usiku wa giza, isingefuata kwamba alitoka: kanuni imesema juu ya mbalamwezi tu. Wanafunzi wengi hujikwaa hapo, na inafaa kutua hapo kwa muda. Tena kanuni yenyewe huvuja, maana wapo wanaojaribu bahati hata mwezi ukiwaka. Basi "hakutoka" hugeuka "yamkini hakutoka", na hapo ndipo uwezekano unapoingia.

Kwenye nguzo ya mwalo umebaki mkwaruzo wa rangi ya buluu, ulioachwa na mtumbwi wa mwizi. Mwaloni kuna mitumbwi 120, na 12 kati yake ni ya buluu. Ni rahisi kusema: "Mtumbwi wa asiye na hatia una nafasi 1 tu kati ya 10 ya kuwa wa buluu, kwa hiyo mwenye mtumbwi huu wa buluu ana hatia kwa 9 kati ya 10." Ni kosa kubwa, na mahakamani linaweza kumfunga mtu asiye na hatia. Kwa dalili hiyo peke yake, ikiwa mwizi alitumia mmoja wa mitumbwi ya mwalo huo, kila mwenye mtumbwi wa buluu ana nafasi 1 kati ya 12.

Shahidi anaongeza kwamba alisikia mashine, si kasia. Mitumbwi 30 ina mashine, yaani robo. Moja ya kumi mara robo ni 1 kati ya 40, na kati ya mitumbwi 120 inabaki 3. Kuzidisha huko kunaruhusiwa iwapo tu rangi na mashine hazihusiani. Ikiwa mitumbwi yote ya buluu ni ya tajiri mmoja aliyeifungia yote mashine, ushahidi wa sauti haupunguzi hata mmoja: bado ni 12, na upelelezi unarudi mwaloni kuuliza nani alikabidhiwa mtumbwi upi usiku ule.