Mpigaji anapozeeka: Je, njaa ya mikimbio ni kosa lake?

NI michezo michache inayouanika uzee wa mchezaji hadharani kama besiboli. Katika soka, kiungo mkongwe anaweza kujistiri nyuma ya miguu ya vijana, akagawa pasi na kuwaachia wengine mbio. Mpigaji wa besiboli hana pa kujificha. Zamu yake ikifika husimama peke yake, gongo mkononi, maelfu wakimtazama, na kila alitendalo huandikwa kwa tarakimu.

Ndiyo maana kila timu ya Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani (MLB) inapokosa mikimbio, macho ya mashabiki humwangukia mkongwe kwanza. Mjadala huwa ule ule mwaka baada ya mwaka. Wapo wanaotaka mzee apumzishwe ili vijana wapate nafasi, na wapo wanaosisitiza kwamba aliyeujenga mchezo kwa jasho lake hastahili kutupwa kama ganda la muwa.

Kisa kinachoueleza mjadala huo vyema ni cha Albert Pujols, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, na mkataba wake wa miaka 10 na klabu ya Los Angeles Angels.

Kwa msomaji aliyeifuatilia kriketi Kenya ilipofika nusufainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, besiboli si mchezo mgeni mno. Mrushaji hutupa mpira, mpigaji huupiga kisha hukimbia. Tofauti ni kwamba kuna vituo vinne, na anayevizunguka vyote hadi kurejea alikoanzia huipa timu yake mkimbio mmoja. Mpira ukipigwa ukavuka ua la uwanja, pigo hilo huitwa homurani, na mpigaji pamoja na wenzake wote waliokuwa vituoni hurejea bila bughudha.

Kila timu hupanga wapigaji tisa wanaofuatana, na katika mechi ya kawaida wapigaji wake wanaweza kutolewa mara 27 kabla ya mambo kwisha. Nafasi hizo 27 ndizo akiba ya timu nzima. Mpigaji anayetolewa bila faida hajipunguzii yeye pekee, bali huchota katika mtungi wa wote.

Anayepata mapigo safi matatu katika kila majaribio 10 huwa na wastani wa 0.300, na huyo huhesabiwa miongoni mwa walio bora. Hii ina maana kwamba hata bingwa hushindwa mara saba kati ya 10. Tofauti kati ya shujaa na anayezomewa, basi, ni ndogo mno: pigo moja tu katika kila majaribio 20 linatosha kumshusha mtu kutoka 0.300 hadi 0.250.

Pujols aliingia ligini mwaka 2001 akiwa na St. Louis Cardinals na akatawazwa chipukizi bora wa National League. Kwa misimu 10 mfululizo, wastani wake haukuwahi kuwa chini ya 0.300, homurani zake hazikupungua 30, na mikimbio iliyotokana na mapigo yake haikupungua 100. Alinyakua tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo mara tatu, miaka ya 2005, 2008 na 2009, na kuwasaidia Cardinals kutwaa ubingwa wa World Series mwaka 2006 na 2011.

Alipoondoka St. Louis alikuwa na wastani wa jumla wa 0.328 na homurani 445. Mnamo Desemba 2011, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 32, Angels walimpa mkataba wa dola milioni 240. Malipo yalipangwa yapande kila mwaka, kuanzia dola milioni 12 katika msimu wa 2012 hadi milioni 30 katika msimu wa 2021, wakati ambapo angekuwa na miaka 41.

Hapo ndipo palipo na kiini cha mgogoro. Wapigaji wengi hufikia kilele chao wakiwa kati ya miaka 26 na 29. Hata hivyo, kanuni za ligi humfungamanisha mchezaji na klabu iliyomlea mpaka atimize miaka sita ya utumishi, ndipo awe huru kujinadi popote. Kwa hivyo wengi huingia sokoni wakiwa wamekaribia miaka 30 au wameipita. Klabu hununua jina lililojengwa jana na kuendelea kulilipia kesho na keshokutwa.

Aidha, mkataba wa besiboli hulipwa wote hata mchezaji akitimuliwa. Kumwacha mkongwe hakumrejeshei mwenye klabu senti moja ya deni hilo. Ndiyo sababu viongozi wengi huendelea kumpanga, wakitumai kwamba cheche za zamani zitawaka tena.

Umri nao haukawii kudai chake. Kutoka anaposimama mrushaji hadi kwenye kituo cha mpigaji ni mita 18.44. Mpira unaokwenda kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa huumaliza umbali huo katika muda usiofika nusu sekunde. Ndani ya kufumba na kufumbua huko, mpigaji anapaswa kuutambua mpira, kuamua, na kuzungusha gongo. Jicho na mkono vikichelewa hata kidogo sana, pigo lililokuwa likivuka ua hugeuka kuwa mpira wa juu unaodakwa kwa urahisi.

Mkongwe pia hupambana na warushaji wanaozidi kuwa wakali. Wastani wa kasi ya mipira ya moja kwa moja katika MLB ulikuwa takriban kilomita 148 kwa saa mwaka 2008, na kufikia mwaka 2022 ulikuwa karibu kilomita 151. Mzee hupungua kasi huku wapinzani wake wakiiongeza.

Kwa Pujols, miguu ndiyo iliyomsaliti kwanza. Maumivu ya wayo yalikatiza msimu wake wa 2013 mwezi Julai, na baadaye alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja. Mkimbiaji mzito huwapa walinzi wa uwanja nafasi ya kusimama nyuma zaidi, wakijua watapata muda wa kuuokota mpira na kumtoa. Mpira wake wa chini mara nyingi ulimtoa yeye pamoja na mwenzake aliyekuwa kituoni. Alistaafu akiwa amesababisha watu wawili watolewe kwa pigo moja mara 426, idadi ambayo hakuna mpigaji mwingine aliyewahi kuifikia.

Mgawanyiko wa mashabiki ulijitokeza waziwazi mwaka 2017. Msimu huo Pujols aliingiza mikimbio 101 kwa mapigo yake, na waliomtetea walishika tarakimu hiyo kama ngao. Waliuliza ni vipi mtu aletaye mikimbio zaidi ya 100 aitwe mzigo.

Waliompinga walikuwa na hesabu nyingine. Wastani wake ulikuwa umeshuka hadi 0.241, na alifanikiwa kufika kituoni kwa asilimia 28.6 tu ya zamu zake. Walieleza kwamba mikimbio 101 haikuwa kazi yake peke yake, kwa kuwa katika safu hiyo alikuwamo Mike Trout, aliyefika kituoni kwa zaidi ya asilimia 44 ya zamu zake. Anayepiga nyuma ya mtu kama huyo hukuta meza imeshaandaliwa. Angels walimaliza msimu kwa ushindi 80 na vichapo 82, wakakosa mechi za mchujo.

Kwa hesabu, kundi la pili lilikuwa na hoja nzito. Hata hivyo, kundi hilo lilipovuka mpaka na kudai kwamba mzee ndiye chanzo cha njaa yote, tarakimu ziliwakana nalo pia.

Ushahidi unapatikana katika misimu ya 2014 na 2015. Mwaka 2014 Angels walifunga mikimbio 773, mingi kuliko timu nyingine yoyote ya MLB, wakashinda mechi 98. Pujols alikuwa na miaka 34 na alipiga homurani 28. Mwaka uliofuata alipiga homurani 40, naye Trout akapiga 41. Shabiki yeyote angetarajia timu yenye wapigaji wawili wa aina hiyo ifurike mikimbio.

Badala yake, mikimbio ilianguka hadi 661. Wakati wawili hao wakivurumisha mipira nje ya uwanja, vituo mara nyingi vilikuwa vitupu. Howie Kendrick alikuwa amepelekwa Los Angeles Dodgers Desemba 2014. Josh Hamilton, aliyesajiliwa kwa dola milioni 125, alirejeshwa Texas Rangers Aprili 2015 huku Angels wakiendelea kubeba sehemu kubwa ya mshahara wake. Mapengo yao hayakuzibwa ipasavyo. Timu ilishinda mechi 85 na kukosa mchujo kwa ushindi mmoja tu nyuma ya Houston Astros.

Hiyo ndiyo siri ambayo mjadala wa mashabiki huisahau mara kwa mara. Ufungaji katika besiboli ni mnyororo. Homurani ya mtu asiye na mwenzake kituoni ni mkimbio mmoja tu, ilhali pigo hilo hilo likiwakuta wenzake wawili vituoni huzaa matatu. Mkongwe huonekana kwa sababu jina lake ni kubwa na mshahara wake unajulikana. Pengo lililo katika nafasi ya saba au ya nane halina jina, hivyo hakuna anayelizomea.

Mei 2021, subira ya Angels ilikwisha. Pujols, aliyekuwa na wastani wa 0.198 katika mechi 24, aliachwa huku klabu ikiendelea kumlipa dola milioni 30 za msimu huo. Mgala muue na haki yake umpe: uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Shohei Ohtani alihitaji nafasi ya mpigaji maalumu, yule asiyecheza ulinzi, naye kijana Jared Walsh alihitaji kituo cha kwanza. Walsh alichaguliwa kwenda mechi ya nyota wote mwaka huo huo.

Lakini waliodhani mzigo umetuliwa walisubiri sana. Angels walimaliza mwaka huo na ushindi 77 na vichapo 85. Ohtani alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa American League mwaka 2021 na 2023, kisha akahamia Dodgers. Hadi msimu wa 2025 ulipokamilika, Angels hawakuwa wamerejea katika mchujo tangu mwaka 2014.

Pujols mwenyewe alichukuliwa na Dodgers mwaka 2021, na mwaka 2022 akarudi St. Louis kwa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 2.5. Mwaka huo National League ilianza kumruhusu mpigaji maalumu kwa kudumu, na Cardinals walijua namna ya kumtumia. Hawakumpanga kila siku, na mara nyingi walimhifadhi kwa ajili ya warushaji wa mkono wa kushoto, ambao aliwamudu vizuri zaidi.

Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Akiwa na miaka 42, alipiga homurani 24 kwa wastani wa 0.270. Mnamo Septemba 23, 2022, katika uwanja wa Dodgers, alipiga homurani yake ya 700, akawa mtu wa nne kufikia kiwango hicho baada ya Hank Aaron, Babe Ruth na Barry Bonds. Cardinals walishinda kitengo chao, ingawa walibanduliwa mapema na Philadelphia Phillies. Pujols alistaafu akiwa na homurani 703.

Mwili wake haukuwa umerudi ujanani. Kilichobadilika ni kazi aliyopewa. Anaheim alikotoka walimpanga kwa miaka mingi katikati ya safu, mahali pa mpigaji tegemeo, kwa kuwa mkataba wake ulimtangaza hivyo. St. Louis walimpa kiasi alichoweza kubeba, na jungu kuu likaonyesha kwamba halikosi ukoko.

Kwa hivyo timu nyingine itakapokauka mikimbio, na mashabiki wakaanza kumnyooshea kidole mkongwe wao, swali la iwapo amezeeka halitawafikisha mbali, kwa kuwa jibu lake linajulikana. Litakalowafaa ni kuuliza amepangwa wapi, anakabiliana na mrushaji yupi, na ni nani aliyeko kituoni zamu yake inapofika.