KARANGA ZA JERICHO NA DAFTARI LA MWENYE MALI

Katika mwezi wa Mei mwaka 2007, ofisi za shirika la utangazaji la CBS katika mji wa New York, Marekani, zilianza kupokea shehena ambayo hakuna mkurugenzi aliyeiagiza. Zilikuwa ni karanga. Zilifika katika vifurushi, katika masanduku na katika magunia, siku baada ya siku, hata uzito wake ukapita ratili 40,000, yaani tani 18 na zaidi. Waliozituma hawakuwa wakulima wala wafanya biashara. Walikuwa ni watazamaji wa televisheni, waliokuwa wamearifiwa kwamba mchezo wao waupendao, uitwao Jericho, umefutwa.

Si ajabu msomaji akacheka, akauliza: je, watu wazima hawana kazi nyingine ila kugombania mchezo wa televisheni? Lakini atazame vizuri. Ndani ya magunia yale mlikuwa na swali ambalo kila mfanya kazi amepata kujiuliza: ni nani anayehesabu, anamhesabu nani, na ni nani anayeachwa nje ya hesabu?

MCHEZO WENYEWE

Jericho ulianza kuonyeshwa tarehe 20 Septemba, 2006. Ni hadithi ya mji mdogo wa kubuni katika jimbo la Kansas. Siku moja wakazi wake waona wingu lenye umbo la uyoga likipanda mbali, upande wa Denver. Umeme wakatika, simu zanyamaza, na habari zafika kwa vipande vipande. Hatimaye yafahamika kwamba miji 23 ya Marekani imepigwa kwa mabomu ya nyuklia. Mtu mmoja miongoni mwao, Robert Hawkins, aliyeigizwa na Mwingereza Lennie James, ajua mengi kuliko anayoyasema, na nyumbani kwake ameficha siri ya kutisha.

Haukuwa mchezo wa kuchekesha watu baada ya chakula. Ulikuwa na giza, hofu na mauti. Watu wa Jericho wagombania mafuta, dawa na chumvi, wajifunza kugawana, kisha waingia vitani na mji jirani wa New Bern kwa ajili ya chakula. Mtazamaji hakuonyeshwa adui kutoka ng'ambo tu. Alionyeshwa jinsi jirani awezavyo kugeuka adui tumbo linapokuwa tupu, na jinsi hila yaweza kutoka ndani ya nyumba yenyewe. Hiyo ndiyo sababu waliousikiliza kwa makini waliushika sana.

KWA NINI ULIFUTWA

Siku ya kwanza watazamaji walipita milioni 11. Mwishoni mwa Novemba mwaka ule, CBS ikausimamisha mchezo kwa karibu miezi mitatu, katikati ya hadithi, wakati kila mtu alikuwa akingoja kujua litakalofuata. Uliporejea mwezi wa Februari, 2007, wengi walikuwa wameacha kuungoja, na jioni zile zile shirika la Fox lilikuwa likionyesha mashindano ya kuimba ya American Idol, ambayo hakuna mchezo uliokuwa ukiyafikia kwa wingi wa watazamaji. Hadithi iliyotaka kufuatwa hatua kwa hatua ilikuwa imekatwa kamba yake. Walipofika mwisho wa sehemu zote 22, waliobaki walikuwa milioni 8 hivi. Sehemu ya mwisho ilionyeshwa tarehe 9 Mei, na baada ya wiki moja hivi CBS ikatangaza kwamba mchezo umekwisha.

Hapa yafaa tueleze biashara ya televisheni ya namna hii, maana wengi hudhani kwamba bidhaa yake ni mchezo. Sivyo. Mtazamaji halipi senti kuutazama. Anayelipa ni mwenye kuuza sabuni, magari na dawa za meno, na anachokinunua ni macho ya watu. Mchezo ni chambo. Bidhaa ni mtazamaji mwenyewe. Na kama ilivyo kwa kila bidhaa, sharti apimwe. Nchini Marekani mpimaji alikuwa kampuni ya Nielsen, iliyoweka vyombo vyake katika maelfu machache ya nyumba, katika nchi yenye nyumba zaidi ya milioni 100 zilizo na televisheni. Wale wachache ndio waliosema kwa niaba ya wote.

Tena bei ya tangazo ilitegemea hasa wale waliotazama saa ile ile ya kuonyeshwa. Basi mfanya kazi wa zamu ya usiku, aliyeunasa mchezo kwenye mashine akautazama asubuhi, hesabu yake ilikuwa hafifu. Kijana aliyeutazama kwenye intaneti ndiye asiyehesabiwa kabisa. Wapenzi wa Jericho walisema wazi kwamba wao ni wengi kuliko inavyoandikwa, ila daftari halina safu yao.

NENO LA JEMADARI

Wangeweza kulalamika kila mtu kivyake, na malalamiko yao yangepotea kama moshi. Badala yake walichagua alama moja, nayo waliitoa katika mchezo wenyewe. Katika sehemu ya mwisho, jeshi la New Bern lautaka mji wa Jericho usalimu amri. Kijana Jake Green, aliyeigizwa na Skeet Ulrich, ajibu kwa neno moja tu la Kiingereza, neno ambalo maana yake ni karanga na jamii yake, na ambalo mitaani hutumika kumwambia mtu kwamba asemayo ni upuuzi mtupu.

Neno hilo lina historia. Tarehe 22 Desemba, 1944, katika Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Ujerumani yaliuzunguka mji wa Bastogne, nchini Ubelgiji, na kuwataka askari wa Marekani waliokuwamo wasalimu amri. Jemadari wao, Anthony McAuliffe, aliwapelekea Wajerumani jibu la neno hilo hilo moja. Mji haukutekwa.

Basi wapenzi wa Jericho wakalitwaa neno la jemadari, wakaligeuza kuwa mzigo. Kila mmoja alinunua kadiri ya uwezo wake na kupeleka kwa jina la mchezo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa ilijaza vyumba vya kupokelea mizigo. Sehemu ya karanga hizo ilikwenda kugawiwa wenye shida ya chakula. Tena, kwa kuwa mwezi ule ule, tarehe 4 Mei, kimbunga kilikuwa kimeuangamiza karibu mji mzima wa Greensburg, mji wa kweli katika jimbo lile lile la Kansas, wapenzi hao walichanga pia fedha za kuwasaidia watu wake. Yaani waliokuwa wakililia mji wa kubuni hawakuusahau mji halisi. Jambo hilo latosha kuwajibu wale waliowaita wajinga.

USHINDI WENYE MASHARTI

Tarehe 6 Juni, 2007, wiki tatu tu baada ya kufutwa, mkuu wa michezo wa CBS, Bi Nina Tassler, aliwaandikia wapenzi barua ya wazi. Alikubali kwamba wameshinda, akatangaza kwamba mchezo utarudi kwa sehemu saba, na mwishoni akawaomba waache kupeleka karanga. Lakini katika barua hiyo hiyo aliweka sharti: watazamaji waongezeke. Aliwataka wapenzi watumie bidii ile ile waliyoitumia katika kampeni ili kuwavuta wengine.

Tusiudharau ushindi huo. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Shirika kubwa lilikuwa limetoa uamuzi mbele ya wanunuzi wake wa matangazo, na watu wasio na hisa hata moja walilazimisha uamuzi huo ubatilishwe. Seremala, fundi umeme, mshona nguo na mpishi wa kambi ya kupigia picha, ambao majina yao hayajulikani na mtazamaji yeyote, walipata kazi tena kwa muda.

Hata hivyo, tutazame kilichorudishwa. Sehemu 22 zimekuwa saba. Mchezo umehamishwa kutoka saa mbili ya usiku Jumatano mpaka saa nne ya usiku Jumanne. Na kipimo kitakachouhukumu ni kile kile kilichouua mara ya kwanza. Wapenzi walikuwa wamebadili hukumu. Hawakuwa wamebadili mizani. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, na ngoma hii bado ilikuwa mikononi mwa mwenyewe.

WALIOANDIKA NA WALIOTAZAMA

Sasa twafika kwenye jambo ambalo wengi waliosimulia kisa cha karanga hulipita kwa haraka. Tarehe 5 Novemba, 2007, waandishi wa sinema na televisheni wa Marekani, chini ya chama chao cha Writers Guild of America, waligoma. Walikuwa 12,000 hivi. Madai yao yalikuwa nini? Walitaka sehemu kubwa zaidi ya mapato ya DVD, ambako kwa kila moja iliyouzwa mwandishi alikuwa akipata senti nne hivi. Zaidi ya yote walitaka kulipwa kazi zao zinapoonyeshwa kwenye intaneti. Wenye makampuni walisema soko la intaneti bado changa, halijulikani faida yake.

Ndugu msomaji, linganisha maneno haya mawili. Mtazamaji aliambiwa: wewe unayetazama kwenye intaneti huhesabiki. Mwandishi aliambiwa: kazi yako inayotazamwa kwenye intaneti hailipiki. Ni jicho lile lile na kazi ile ile, na pande zote mbili daftari ni moja. Asipohesabiwa anayetazama, hawezi kulipwa sawasawa anayeandika.

Mgomo ulidumu siku 100. Waandishi walipiga kura ya kurudi kazini tarehe 12 Februari, 2008. Kuhusu DVD walitoka mikono mitupu. Kuhusu intaneti walipata walichokisimamia, yaani haki ya kulipwa na haki ya chama chao kusimamia kazi hizo. Na jioni ya siku hiyo hiyo, tarehe 12 Februari, ndipo CBS ilipoonyesha sehemu ya kwanza ya Jericho iliyorudi, iliyokuwa imekwisha kupigwa kabla ya mgomo.

Hadithi yake sasa ilieleza habari ya serikali mpya iliyojiweka Cheyenne, na kampuni kubwa ya kubuni, Jennings & Rall, iliyotwaa mamlaka ya nchi wakati watu wana njaa. Lakini watazamaji waliohesabiwa walikuwa wachache kuliko wa mwaka uliotangulia. Tarehe 21 Machi, 2008, mchezo ulifutwa mara ya pili. Watengenezaji walikuwa wamepiga picha za miisho miwili, mmoja wa kuendelea na mmoja wa kufunga. Tarehe 25 Machi ulionyeshwa ule wa kufunga. Jitihada za kuuhamishia kwenye stesheni nyingine hazikufaulu, na tangu mwaka 2009 hadithi iliendelezwa katika vitabu vya picha tu.

NANI ASHIKE DAFTARI

Yote haya yamepita, lakini swali halikupita. Leo michezo mingi hutazamwa kwa njia ya intaneti, na kampuni inayouonyesha mchezo ndiyo inayowahesabu watazamaji wake, katika daftari lake yenyewe. Mwezi wa Novemba, 2022, Netflix ilionyesha mchezo wa giza na mafumbo uitwao 1899, kazi ya Wajerumani Baran bo Odar na Jantje Friese. Mwezi wa Januari, 2023, ukafutwa, na mafumbo yake yakabaki bila kufumbuliwa. Wapenzi walilia kama walivyolia wa Jericho. Tofauti ni kwamba wapenzi wa Jericho waliweza angalau kubishana na mpimaji wa nje. Hawa wa sasa wangebishana na nani, ikiwa muuzaji ndiye mwenye mizani?

Waliopiga hatua ni wafanya kazi. Waandishi wale wale waligoma tena tarehe 2 Mei, 2023, na mgomo ulipokwisha mwezi wa Septemba, baada ya siku 148, mkataba mpya ulizitaka kampuni zikipe chama chao, kwa masharti ya siri, hesabu ya saa ambazo michezo zilizoitengeneza kwa ajili ya intaneti imetazamwa. Ni mlango uliofunguliwa kidogo tu, lakini haukuwapo kabla.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya mshabiki na mfanya kazi, na wala si tofauti ya kudharauliana. Wapenzi wa Jericho walikuwa na umoja, ukarimu na akili ya kuchagua silaha ya kuchekesha badala ya matusi, nao walipata zaidi ya walivyodhaniwa. Lakini mtazamaji akizima televisheni yake, akiwa hamo katika daftari, hakuna anayejua kwamba ameizima. Mwandishi, seremala na fundi umeme wakiweka kalamu na nyundo chini, kila mtu ajua siku ile ile.

Karanga ziliirudisha hadithi kwa majuma saba. Kilichowapatia waandishi nafasi ya kuchungulia daftari, miaka 16 baadaye, ni chama, mchango wa kila mwezi, na siku 148 bila mshahara.