Nywila ya Mkulima Haiandikwi Daftarini

Mkulima wa chai wa Mogogosiek, kule Konoin katika Kaunti ya Bomet, hupeleka majani kituoni, hupewa risiti ya kilo, kisha husubiri malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka. Tuseme wakulima wanaanzisha chama na kutaka kila mwanachama ajionee kilo na makato yake kwenye simu. Fedha ni chache, hivyo tovuti inawekwa kwenye seva ya pamoja: kompyuta moja inayobeba tovuti za wateja wengi, kama vyumba vya ploti vinavyotumia lango moja.

Kodi ni nafuu. Shida ni majirani.

Shida hii ni ya kale. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, chuo cha MIT cha Marekani kiliunda CTSS, mfumo uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Fernando Corbató, aliyeongoza kazi hiyo, aliweka nywila ili faili za kila mtu zibaki zake. Mwaka 1966 wasimamizi wawili walikuwa wakihariri, mmoja tangazo la siku, mwingine orodha ya nywila. Programu ilitumia faili moja ya muda kwa kazi zote mbili. Yaliyomo yakabadilishana, na kila aliyeingia akaonyeshwa nywila za wenzake. Siri zilivuja bila mwizi kuwapo!

Dawa ni orodha yenyewe kutokuwa na nywila. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa maabara ya Bell Labs walieleza jinsi mfumo wa kompyuta wa Unix ulivyofanya: nywila hupitishwa kwenye hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma, ikichanganywa na tarakimu za nasibu ziitwazo chumvi, na kinachohifadhiwa ni matokeo pamoja na chumvi hiyo. Mwanachama akiingia, hesabu hurudiwa na matokeo kulinganishwa. Kwa sababu ya chumvi, wakulima wawili waliochagua neno lilelile hawafanani ndani ya jedwali. Mbinu ya bcrypt, ya mwaka 1999, iliongeza ucheleweshaji wa makusudi: mkulima hausikii, lakini mwizi anayebahatisha mamilioni ya maneno unamchosha. Lugha ya PHP, iliyo kwenye seva nyingi za bei nafuu, ina kazi hiyo tayari tangu toleo la 5.5 la mwaka 2013.

Mwaka 2009 kampuni ya RockYou ilipoteza nywila milioni 32 zilizohifadhiwa wazi. Mshambuliaji alipenyeza amri za kanzidata kupitia tovuti yenyewe. Kwa hiyo anachoandika mtumiaji kisiunganishwe kamwe na amri. Kipelekwe kando, kama data. Nayo faili yenye nywila ya kanzidata ikae nje ya folda inayofunguka kwa umma, isisomwe na akaunti nyingine.

Nchini Kenya jambo hili lina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mdhibiti wa data kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu agundue uvujaji unaoweza kuwadhuru wahusika.

Wanachama, kabla ya kumlipa fundi, jaribuni kitufe cha "Nimesahau nywila". Mfumo ukiwatumia nywila yenu ya zamani, basi haikufanyiwa hesabu hiyo ya njia moja. Msiipokee kazi hiyo.