Gari la spoti la zamani: Starehe ya leo au akiba ya kesho?

Na Mwandishi Wetu

WAZEE wetu walinena kwamba mtaka yote hukosa yote. Methali hiyo yafaa kukumbukwa na kila anayetaka kununua gari la spoti la zamani kwa nia mbili: alifurahie leo, na kesho aliuze kwa faida. Nia zote mbili ni njema. Taabu ni kwamba aghalabu hazikai nyumba moja.

Tuchukue mfano wa gari ambalo jina lake si geni Afrika Mashariki, nalo ni Datsun 240Z. Gari hili la Japani lilitolewa hadharani mwaka 1969, likiwa na viti viwili, boneti ndefu, na injini ya lita 2.4 yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Huko Marekani, ambako ndiko lilikouzwa zaidi, bei yake ilianzia dola 3,526. Kwa fedha hizo mnunuzi alipata gari la kukimbia kilomita 200 hivi kwa saa, mwendo ambao kabla ya hapo ulikuwa wa wenye uwezo wa kununua magari ya Ulaya ya bei kubwa.

Sifa za gari hilo hazikujengwa kwa matangazo peke yake. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walilishindia Safari Rally, na Shekhar Mehta akashika nafasi ya pili kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, alitwaa ushindi wenyewe baada ya kulingana kwa pointi na Harry Källström aliyeendesha Datsun ya aina nyingine. Historia ya namna hiyo ni sehemu ya thamani ya gari, kwani kijana aliyelitamani kando ya barabara ya vumbi huja akawa mtu mzima mwenye fedha zake, na tamaa yake ya ujana bado anayo.

KUTU NDIYO ILIYOYAPUNGUZA

Ferrari 250 GTO yalitengenezwa 36 tu, na mwaka 2018 moja liliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 48. Hayo tuwaachie wenyewe. Datsun 240Z, kwa upande wake, yalitengenezwa zaidi ya 150,000. Yaliyopunguza idadi yake ni kutu na matumizi mabaya, na ndiyo maana lililo zima leo hutafutwa.

Kwa hiyo mnunuzi asianze kwa kusikiliza mlio wa injini. Injini hiyo ni imara na mafundi wanaijua. Bodi iliyooza ndiyo hufilisi. Yampasa ainue zulia atazame sakafu, apige magoti aangalie vyuma vinavyobeba sakafu hiyo, kisha achunguze mahali inapokaa betri, kingo za mlango wa nyuma, na matao ya magurudumu ya nyuma. Achukue sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa na kuipitisha juu ya rangi. Inapokataa kushika, hapo chini hapana bati tena, bali puti iliyosuguliwa ikang'aa.

Aidha, yafaa ajue kwamba magari ya soko la Marekani ya mwaka 1973 yalifungwa kabureta mpya za kupunguza moshi, nazo zililalamikiwa mno hata wenye magari wengi wakazitoa na kurudisha za aina ya awali. Badiliko kama hilo humfaa mwendeshaji; lakini mkusanyaji atauliza ziko wapi zile zilizotoka kiwandani.

MALI BILA DAFTARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chini ya boneti ya 240Z pana kibati chenye namba ya chesisi na namba ya injini. Namba hizo zilinganishwe na zile zilizogongwa katika chesisi na katika injini yenyewe. Zikipatana, na kukiwa na risiti za matengenezo tangu zamani, gari lina ushahidi wa maisha yake. Zisipopatana, laweza kuwa gari zuri la kuendesha, ila lisinunuliwe kwa bei ya lile la asili.

Sasa turudi kwenye methali yetu. Januari 2020, Datsun 240Z moja la mwaka 1971 liliuzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000. Wengi husimulia bei hiyo wakaishia hapo. Lakini gari hilo lilikuwa limetembea maili 21,000 hivi tu, yaani chini ya maili 500 kwa mwaka kwa muda wa karibu nusu karne. Magari mengine ya aina hiyo, yaliyotembea na kutengenezwa kama magari mengine, huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Aliyelihifadhi alipata fedha. Aliyeliendesha kila Jumapili alipata Jumapili zake.

HESABU ZA NYUMBANI

Wala bei haipandi siku zote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 bei za magari ya kale, hasa ya Ferrari, zilipaa mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikaanguka, na waliokuwa wamenunua kwa mkopo wakabaki na deni lililozidi thamani ya gari. Zaidi ya hayo, gari lililolala bado lina gharama: bima, mahali pakavu pa kuliweka, tairi zinazokauka kwa uzee, na mipira ya breki.

Kwa sababu hiyo, suala hili si la baba na fundi wake peke yao. Litazamwe mezani, mume na mke pamoja, kabla ya fedha kutoka benki. Fedha hizo zisiwe za ada ya watoto wala za kujengea nyumba. Kisha mnunuzi ajiulize swali moja: bei isipopanda hata senti moja, je, nitafurahi kwamba nililinunua? Akijibu ndiyo, na alichukue, mradi sakafu yake ni nzima. Akisita, fedha zake zitalala salama zaidi mahali pengine.